Mnyororo Ndani ya Chungu cha Mbegu

Bi Pili alikata roho Alhamisi asubuhi, jua halijachomoza mlimani, na mnyororo wa baiskeli ulikuwa bado umo ndani ya chungu chake cha mbegu za maboga.

Mwanawe Mwaisha ndiye aliyemfumba macho. Alimnyoosha miguu, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akasoma kile alichokijua kusoma. Kisha macho yake yakaenda kwenye chungu kilichokaa kichwani pa kitanda, na machozi yakakatika papo hapo kama ya mtu aliyemwagiwa maji. Akanyoosha mkono. Mlango ukasukumwa. Jirani yao Asia akaingia na mtungi kichwani, nyuma yake wanawake watatu.

"Umeshamwelekeza kibla?" Asia akauliza. "Toka hapo kichwani, mwanangu. Wewe ndiye mfiwa. Kaa mlangoni ulie, kazi hii tuachie sisi."

Mwaisha akarudisha mkono, akaenda kukaa mlangoni.

Tangazo la boma la Wajerumani lilikuwa limesomwa sokoni wiki mbili nyuma. Vita vilikuwa vinamaliza mwaka wa pili. Waingereza walikuwa wanateremka kutoka kaskazini, meli hazileti kitu tena Dar es Salaam, na baiskeli za serikali zilikuwa zinakufa moja moja, hazina wa kuzifufua. Basi ikaamriwa kwamba kila baiskeli na kila kipande cha baiskeli, gurudumu, tandiko, spoki, hata nati, vipelekwe boma katika siku saba. Atakayeficha atachapwa hamsa ishirini, kisha atatiwa katika upagazi wa vita. Viboko watu walivijua. Mtu alilala kifudifudi mwezi mzima, akainuka. Upagazi ndio uliowanyima usingizi, maana kwao Bigwa nzima hapakuwa na mtu aliyemwona pagazi akirudi.

Na vipande hivyo ndivyo vilivyoilisha nyumba ile. Mikidadi, mume wa Mwaisha, alikuwa na banda la nyasi kando ya barabara. Alikusanya baiskeli zilizokufa, akazichambua, akauza pedali ya hii, uma wa ile, mhimili wa nyingine. Matarishi wa boma walipanda vyuma vilivyozaliwa upya mikononi mwake. Kulikuwa na baiskeli moja yenye viungo vya baiskeli tano, naye aliijua kwa mlio tu, akiwa amelala ndani: "Huyo tarishi Gabrieli anapita. Pedali ya kushoto inamlegea."

Aliposikia tangazo alivibeba vyote katika magunia mawili. Karani wa boma akavimwaga uani, mavumbini, mbele ya watu.

"Chambua," karani akasema. "Spoki huku, nati huku."

"Nilikuwa nimeshavichambua, bwana, kila kitu kilikuwa na kifuko chake."

"Sasa havina. Piga magoti."

Mikidadi akapiga magoti, akaokota nati kwenye vumbi hadi adhuhuri, huku watu aliowauzia jana wakiruka juu ya mikono yake. Alipomaliza karani akamwuliza, "Ndivyo vyote?"

"Ndivyo vyote, bwana."

"Apa."

Akaapa. Na alikuwa amebakiza mnyororo mmoja.

Hakuubakiza kwa tamaa. Tangu vita vianze merekani, ile nguo nyeupe ya sanda, ilikuwa imetoweka madukani, na maskini walizikwa katika magunia na magome ya miti. Bi Pili aliyajua hayo. Alikuwa mgonjwa tangu masika, hali wala hasemi sana, lakini neno moja alilirudia kila siku: "Msinizike na gunia. Mimi si mahindi." Huko juu mlimani, misheni, kulikuwa na katekista jina lake Lukasi, mtu mpole mwenye kikohozi. Yeye aliachiwa baiskeli kwa kibali, kwa ajili ya kupeleka dawa vijijini, lakini mnyororo wake ulikatika vipande na boma halikuwa na wa kumpa. Lukasi alikuwa na jora dogo la merekani. Wakaelewana, kitu kwa kitu. Tena Lukasi akatoa nguo kwanza. "Mgonjwa hawezi kumngoja fundi," alisema. Angekuja Jumamosi na vikapu vyake vya viazi, auchukue mnyororo chini ya viazi.

Mnyororo ulikosa pini mbili. Mikidadi alikuwa akizikata kwenye waya wa mwavuli, kidogo kidogo, wakati wa vinu vya jirani kutwanga, ili tupa isisikike. Askari walipoanza kupekua nyumba, alimwambia mkewe, "Uweke chumbani kwa mama."

"Kwa mama?"

"Mimi mkwe siingii mle. Askari akifika mlangoni akisikia harufu ya ugonjwa atarudi. Pale ndipo pazuri."

Na kweli askari walifika, wakachungulia, wakatema mate, wakaondoka. Mikidadi alifikiri kila kitu. Hakufikiri kwamba Bi Pili atakufa kabla ya Jumamosi, na kwamba akifa watakuja watani.

*

Salehe alifika jua likiwa limepanda, ametoka Kihonda kwa miguu. Alisikika kabla hajaonekana.

"Yuko wapi huyo bibi mchoyo? Amekufa makusudi! Amesikia nakuja kula, akaona afe!"

Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Ukoo wa kina Salehe na ukoo wa kina Bi Pili walikuwa watani tangu wazee wa wazee, na siku ya msiba mtani ndiye mwenye nyumba. Atatukana, atalala mlangoni asipitike, atanyakua chochote cha marehemu akivae, na mwenyewe atakigomboa kwa kuku au kwa chochote alicho nacho. Anayekasirika amemkosea maiti. Wafiwa hukaa wakimsubiri mtani, maana asipokuja msiba hupoa kama uji.

Salehe alijilaza kizingitini. Alikuwa mtu mrefu, aliyempita Mwaisha miaka kumi, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde.

"Sitoki! Huyu alikuwa mke wangu. Nani kamwosha bila ruhusa yangu?"

"Mke wako tangu lini?" Asia akamjibu kutoka ndani. "Ulivyo na harufu, nani angekubali?"

"Tangu alipokuwa na meno!"

Mwaisha alikuwa amejikunja ukutani, mwanawe Hatibu mgongoni. Alikuwa ameshajaribu mara tatu. Mara ya kwanza alisema anataka kumwona mama, wakamzuia kwa sababu wanaosha. Mara ya pili alisema chumba kina vumbi, aondoe vyombo. Asia akasema vyombo havina haraka. Mara ya tatu alikwisha kukishika chungu, na mwanamke mmoja akamtazama machoni akasema, "Mbegu za marehemu unazitoa kabla mwenyewe hajatoka?" Akakiweka chini.

"Salehe," akaita kwa sauti ndogo. "Chukua mkeka wa mama. Mzuri ule, mpya."

"Mkeka?" Salehe akainua kichwa. "Aa! Mfiwa anataka kuchagua! Mfiwa ameficha kitu!" Akasimama, akapangusa vumbi, akaingia ndani kwa mbwembwe, akiinua ungo, akinusa blanketi, akimtukana marehemu aliyelala katika merekani yake nyeupe. Mwaisha alisikia kifuniko cha chungu kikiwekwa chini.

"Mbegu! Alininyima maboga miaka yote, kumbe yako hapa. Mwaka huu nalima shamba zi—"

Zikasikika mbegu zikimwagika sakafuni.

Alipotoka, mnyororo ulikuwa shingoni mwake, umezungushwa mara mbili, mafuta meusi yakimchora kifua.

"Loo, jamani! Mke wangu ana mkufu, na mimi nakufa njaa Kihonda!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wachache walioujua ulivyo hawakucheka. Wakatazama chini, kisha wakatazama barabarani. Mikidadi alikuwa amesimama kando ya jeneza pamoja na wanaume. Akakaa chini, mavumbini. Watu wakasema, tazameni mkwe alivyompenda mkwewe.

Mwaisha akamkamata kuku wa kwanza aliyempitia, jike jekundu, akamkimbilia Salehe.

"Huyu hapa. Nagomboa. Nipe."

Lilikuwa kosa, na alilijua neno likiwa bado mdomoni. Kitu cha mtani hakigombolewi upesi namna ile. Hubembelezwa, hupigiwa kelele, hugombolewa baada ya kuzika. Salehe akamtazama kuku, akamtazama Mwaisha, macho yakamng'aa kwa furaha.

"Kuku mmoja! Kwa mkufu wa dhahabu! Mmeona anavyotetemeka? Basi hiki ni kitu kikubwa. Sikitoi hata kwa ng'ombe. Nitakwenda nacho hadi kaburini, dunia yote ikione!"

"Salehe, nakuomba."

"Mtani haombwi!" Akamrushia kuku miguuni, akatangulia mbele ya jeneza, akitingisha kiuno kama bibi harusi.

*

Wanawake hawaendi makaburini. Mwaisha alibaki uani akisikiliza kicheko kikiteremka barabara ya mtoni, kikipungua. Alikuwa anangoja kikatike. Kikakatika.

Darajani palikuwa na askari wanne na ombasha, mkuu wao, wanapumzika. Walipoliona jeneza walisimama, hata ombasha alisimama, mtu mfupi aliyetoka bara, mwenye alama begani. Ndipo akamwona Salehe.

"Wewe. Njoo hapa."

"Siji, niko harusini."

Askari wawili wakacheka. Ombasha hakucheka.

"Shingoni una nini?"

"Mkufu wa mke wangu. Si huyo amelala? Mvivu, hata kutembea hataki, anabebwa."

Kofi likamgeuza uso. Watu wote wakavuta pumzi kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyewahi kuona mtani akipigwa msibani.

"Huu ni mnyororo wa baiskeli. Wa nani?"

Salehe alishika shavu, bado ana kicheko kidogo kilichosahauliwa mdomoni. Alikuwa ameishi Kihonda na ng'ombe wa watu. Habari ya tangazo aliisikia, lakini kwake mnyororo ulikuwa mnyororo, wa kufungia mbwa au wa kisimani. Akazitazama nyuso. Moja baada ya moja zikainama. Akafika kwa Mikidadi, aliyeshika mpini wa mbele wa jeneza upande wa kushoto. Mpini ulikuwa unatetemeka. Jeneza lote lilikuwa linatetemeka, na maiti ndani yake.

Hapo ndipo Salehe alipoelewa.

"Wangu," akasema.

"Umeupata wapi?"

"Msibani. Cha msibani ni cha mtani. Waulize."

"Kwetu pia kuna watani," ombasha akasema, sasa kwa sauti ya chini kidogo, huku anautoa mnyororo shingoni na kumfungia nao mikono. "Lakini boma halina mtani. Twende."

Mikidadi alifumbua mdomo. Maneno alikuwa nayo, mawili tu, *ni wangu*, lakini hayakutoka. Aliyeshika mpini wa nyuma akamsukuma taratibu: "Tembea, ndugu yangu. Maiti hangojeshwi." Na miguu ikatembea.

*

Aliporudi alikuwa na udongo wa kaburi magotini. Hakuingia ndani. Alikaa nyuma ya banda lake tupu, na Mwaisha akamfuata.

"Amesema ni wake," Mikidadi akasema.

"Nimesikia."

"Mimi sikusema kitu."

"Nimesikia pia."

"Nitakwenda kwa mjomba, Matombo. Leo hii. Ukiulizwa sema nilikwenda kutafuta chumvi."

"Na Salehe?"

"Salehe ni mjinga!" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Nani alimtuma avae? Angechukua mbegu akaenda zake! Si ulimwambia achukue mkeka?"

"Nilimwambia. Na ndiyo maana akachukua chungu."

Barabarani kulipita mtu anakohoa, na wote wawili wakashtuka, wakaangaliana, wakaona haya.

"Watamfanya nini?" Mwaisha akauliza, ingawa alijua.

"Hamsa ishirini. Kisha mizigo."

"Baba Hatibu, na mimi naogopa. Toka asubuhi sijui hata kama nimemlilia mama. Ukiniambia kimbia, nitakufungia chakula sasa hivi. Lakini mama amelala kwenye nguo ya mnyororo ule. Na aliyeubeba si mwizi, ni mtani. Mtani hajagombolewa. Unajua nyumba isiyogomboa inavyosemwa?"

"Nyumba itasemwa, mimi nitakufa."

Mwaisha alikaa naye hadi jua lilipogusa mgongo wa mlima, akimnyonyesha Hatibu. Kisha akainuka, akamtafuta yule jike jekundu, akamfunga miguu kwa ukindu, akamweka chini mbele ya mumewe. Hakusema nenda wala usiende. Kuku akalala ubavu, akapepesa jicho moja.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda wote. Askari wa lango alimzuia Mwaisha nje, akamruhusu Mikidadi na kuku wake.

"Leo hatununui kuku," karani akasema bila kuinua kichwa.

"Si wa kuuza, bwana." Sauti ilikuwa nyembamba hata yeye hakuitambua. "Nimekuja kugomboa kitu kwa mtani wangu."

Karani alicheka. Akaita wenzake waje wamwone mtu anayeleta utani boma. Kisha kicheko kikamsinyaa polepole, akaweka kalamu.

"Kitu gani?"

"Mnyororo."

"Wewe si ndiye uliyeapa hapa?"

"Ndimi."

Mzungu alitoka ndani kwa sababu ya kelele. Karani akamweleza kwa Kijerumani, maneno mengi. Mzungu hakumtazama Mikidadi usoni. Alitazama mikono, kucha nyeusi, kovu la tupa kwenye kidole gumba. Akasema kitu kifupi.

"Bwana anauliza, unaweza kuuunga huo mnyororo?"

"Zimebaki pini mbili. Ninazo." Akazitoa kwenye pindo la nguo. Alikuwa amekuja nazo, mwenyewe hajui kwa nini.

"Basi huwi pagazi. Jeshi linaondoka na baiskeli kumi na moja, nawe utaondoka nazo. Ushukuru."

"Hadi wapi, bwana?"

Karani akanyoosha kalamu kusini, kwenye mlima, na ng'ambo ya mlima. "Hadi litakaposimama."

"Na yule mtani wangu?"

"Atafunguliwa."

"Na hamsa ishirini yangu?"

"Hiyo kwanza," karani akasema, akairudia kalamu yake.

Nje ya ukuta, Mwaisha alisikia. Hakuhesabu. Hatibu mgongoni alikuwa akishtuka kwa kila mlio, naye Mwaisha akawa anampapasa mguu, akimwambia, si kitu, wanatwanga, ni vinu tu, wanatwanga.

*

Lukasi alikuja Jumamosi na vikapu vyake. Aliambiwa. Hakuitaja nguo. Aliviacha viazi vyote, akaupanda mlima na vikapu vitupu, akikohoa.

Jumapili jeshi likapita barabara ya Bigwa kwenda milimani. Watu walichungulia kwenye nyufa za milango. Mwaisha alisimama nje, kwa sababu alijua asiposimama nje hatamwona. Mikidadi alikuwa nyuma ya wapagazi, anasukuma baiskeli mbili, mkono huu na mkono huu, mgongo umepinda kama wa mzee. Mnyororo ulikuwa kwenye ile ya kulia. Ulizunguka vizuri, haukukwama.

Alipofika usawa wa banda lake alisema, bila kusimama, "Mwambie Lukasi anisamehe."

"Amesamehe."

Alitaka kuongeza neno. Askari akamgusa na kitako cha bunduki, wakapita. Mwaisha akasikiliza mlio wa zile baiskeli hadi ulipopotea. Hakuijua hata moja kwa mlio wake. Mwenye kuzijua alikuwa amekwenda nazo.

*

Siku ya saba ya msiba, mchana, mtu alisimama uani. Mwaisha alikuwa anaokota mbegu za maboga zilizosalia kwenye pembe za chumba cha mama. Alichungulia. Alikuwa Salehe, na kuku yule mwekundu kwapani. Shingoni, pale mnyororo ulipovutwa, alikuwa na michubuko miwili, kama shanga.

Hakuita kutoka barabarani. Hakuuliza chakula kiko wapi.

"Shikamoo, dada Mwaisha," akasema.

Tangu Mwaisha azaliwe Salehe hakuwahi kumwamkia, sembuse kumpa shikamoo yeye aliye mdogo wake. Alimwita mke mchafu, alimwita kibogoyo angali na meno yote, alimwita maneno ambayo angeyasema mtu mwingine damu ingemwagika. Mtani huamkia wageni.

"Nimemrudisha kuku," Salehe akaendelea, macho chini. "Walinipa nilipofunguliwa. Sikumchinja. Si halali yangu kumpokea, dada. Anayegomboa ni mwenyewe, naye hakunikabidhi. Akirudi atanikabidhi kwa mkono wake." Akamweka kuku chini. "Pole sana. Mungu atamlinda."

"Usiseme hivyo."

"Nasema tu, Mungu—"

"Usiniamkie, Salehe! Usinipe pole! Unaniamkia kama mjane." Alimshika mkono, mbegu zikamwagika. "Nitukane. Nitukane kama siku zote. Mtukane na yeye. Sema ni mwoga, sema alitetemeka hata maiti akatetemeka. Ukimtukana nitajua yuko hai."

Salehe akafumbua mdomo. Alitafuta tusi. Lilikuwa mle ndani, Mwaisha aliliona likipanda kooni, likifika penye michubuko, likikwama. Akajaribu tena. Kuku akajinyoosha katikati yao, akaanza kudonoa mbegu.

"Salehe."

"Shikamoo," akasema tena, na akaanza kulia.